Deni la Pauni Laki Mbili

Katika idara zetu za Kiswahili, mwanafunzi akitaja neno "matini" aghalabu huwa anafikiria riwaya, tamthilia, utenzi, au kwa uchache ngano aliyoirekodi kijijini. Ni nadra kumsikia akitaja mkataba wa kidiplomasia. Mikataba tumewaachia wanahistoria na wanasheria. Wanahistoria wakaisoma kwa jicho la tarehe, wanasheria kwa jicho la vifungu. Makala haya yanatokana na tajriba yangu ya kusoma mkataba mmoja mfupi uliotiwa saini Zanzibar tarehe 14 Desemba 1895, na kukuta ndani yake kisa ambacho mtunzi wa tamthilia angeona haya kukibuni, kwa kuchelea kwamba hadhira haitaamini.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Dola dhaifu iliikopesha dola yenye nguvu kuliko zote za zama zile. Fedha zilizotoka kwa mkopeshaji zikatumika kununua haki juu ya ardhi ya mkopeshaji huyo huyo. Hatimaye mkopaji akabaki na ardhi, naye mkopeshaji akabaki na hati.

Niliufikia mkataba huo kwa njia ya fasihi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu aliyeviishi vita anavyovisimulia. Utenzi ule, kama walivyokwisha kueleza wahakiki walionitangulia, ni simulizi ya upinzani wa Abushiri bin Salim na wenzake dhidi ya Wajerumani. Lakini vita vile havikuanzia kwa bunduki. Vilianzia kwa karatasi. Mnamo Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, ikusanye ushuru na kutawala kwa jina lake. Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni walipopandisha bendera yao Pangani kando ya bendera ya Sultani, wenyeji waliona kwa macho kile ambacho karatasi ilikuwa imekwisha kukisema kwa wino. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Nikajiuliza: ikiwa utenzi ndio mwisho wa kisa, mwanzo wake umeandikwa kwa utanzu gani? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye mkusanyo mkubwa wa mikataba ya Afrika uliohaririwa na Hertslet, kitabu kizito chenye lugha kavu kama gome la mnazi.

Msomaji anayetaka kuyaelewa mazungumzo ya 1895 hana budi kwanza kuitazama meza yenyewe na waliokuwa wameizunguka. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuzoea kuzungumza ikiwa imeegemezwa ukutani. Mwaka 1861, Lord Canning, mwakilishi wa Malkia huko India, aliamua mgogoro wa urithi baina ya wana wa Seyyid Said kwa kuitenga Zanzibar na Muscat, na kuitaka Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1873 Waingereza walijitwika malipo hayo wenyewe. Huo ulionekana ihsani, na kwa kiasi fulani ulikuwa ihsani. Ila mtu anayelipiwa deni na jirani yake hawezi tena kumwamkia jirani huyo kwa sauti ile ile ya jana. Mwaka huo huo Seyyid Barghash alilikataa pendekezo la Sir Bartle Frere la kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Juni, alitia saini mbele ya balozi John Kirk baada ya kutishiwa kwamba manowari zingeifunga bandari yake. Nisieleweke vibaya. Biashara ile ilistahili kukoma, na heri ingalikoma karne mbili kabla. Ninachokiangalia hapa ni namna ya mazungumzo: upande mmoja ulileta hoja, kisha hoja zilipokwama ukaleta meli.

Mnamo 1886 tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilizunguka pwani kuchunguza Sultani anamiliki nini. Sultani hakuwa mmoja wa waamuzi. London na Berlin zikaafikiana kwamba bara lake ni ukanda wa maili kumi za baharini kutoka ufukweni, tangu Tungi kusini hadi Kipini, pamoja na miji michache ya kaskazini. Maili kumi! Mtu aliyewahi kupanda matatu kutoka Mombasa kwenda Mariakani anajua jinsi maili kumi zinavyokwisha kabla utingo hajamaliza kukusanya nauli. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei 1887, Barghash aliwapa Waingereza wa William Mackinnon haki ya kuitawala sehemu ya kaskazini ya ukanda huo kwa muda wa miaka 50. Kundi hilo ndilo lililogeuka kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia Septemba 1888.

Hapa inafaa tuchepuke kidogo hadi Misri, kwa sababu baadhi ya watu waliokuja kuitengeneza hazina ya Zanzibar walijifunzia kazi Cairo. Khedive Ismail alikuwa amekopa kwa mabenki ya Ulaya hadi akazama. Novemba 1875 aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa takriban pauni milioni 4, na bado hazikutosha. Mwaka 1876 alisimamisha malipo, na wadai wakaunda chombo cha kusimamia deni la Misri, Caisse de la Dette Publique, ambapo mjumbe wa Kiingereza tangu 1877 alikuwa Evelyn Baring. Mwaka 1879 Ismail akang'olewa kitini. Mwaka 1882 Alexandria ikapigwa mizinga, jeshi la Urabi likashindwa Tel el-Kebir, na Baring, ambaye baadaye alikuwa Lord Cromer, akarudi kuitawala nchi kwa cheo cha balozi hadi 1907. Gerald Portal, aliyepelekwa Zanzibar baada ya kutangazwa himaya mwaka 1890, alikuwa amefanya kazi chini ya Baring. Arthur Hardinge, aliyefuata baadaye, naye alitoka Cairo. Kwa hiyo tunaposoma kwamba mwaka 1891 Portal alitenganisha mfuko wa Sultani na mfuko wa nchi, akampangia Sultani rupia 250,000 kwa mwaka, na kumweka Mwingereza, Lloyd Mathews, kuwa waziri mkuu, tunausoma mwandiko wa Cairo uliohamishiwa Forodhani.

Tofauti, hata hivyo, ni kubwa. Misri iliingia katika mikono ya Waingereza kwa mlango wa deni. Zanzibar haikupitia mlango huo. Iliingia himayani mwaka 1890 kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani, yale ambayo Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na Uingereza ikaachiwa Unguja na Pemba. Na katika mapatano hayo Zanzibar ilipata fedha. Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani fidia ya marki milioni 4, sawa na pauni 200,000 hivi, ili pwani iliyokuwa imekodishwa mwaka 1888 iwe mali yake moja kwa moja. Seyyid Ali bin Said aliipoteza Mrima, lakini kwa mujibu wa hesabu nchi yake ilikuwa na akiba. Hili ndilo linalonifanya niuone mfano wa Zanzibar kuwa na mafunzo kuliko ule wa Misri unaotajwa kila mara. Tumezoea kudhani kwamba dola dhaifu hunaswa kwa sababu inakopa ovyo. Hii haikunaswa kwa kukopa. Ilinaswa ikiwa na pesa.

Kufikia 1895 Kampuni ya Mackinnon ilikuwa hoi. Ilikuwa imetumia fedha nyingi katika safari za Uganda, ushuru wa pwani haukukidhi gharama, na wenye hisa walikuwa wamechoka. Serikali ya Uingereza iliitaka nchi, hasa kwa kuwa reli ya kwenda Ziwa Victoria ilikuwa inapangwa na haingeweza kuanzia hewani. Ilihitaji bandari ya Mombasa. Lakini Hazina ya London haikupenda kulipa. Kampuni ikaafikiana kuondoka kwa pauni 250,000. Kati ya hizo, walipa kodi wa Uingereza walitoa 50,000, kwa ajili ya mali za Kampuni. Pauni 200,000 zilizobaki, thamani ya kuurejesha mkataba wa pwani, zilitoka Zanzibar. Zilikuwa ni zile zile fedha za Wajerumani.

Naomba msomaji asite hapa kidogo. Fidia ya pwani ya kusini iliyopotea ilitumika kuikomboa pwani ya kaskazini iliyokodishwa. Mantiki ya kawaida ingesema kwamba sasa pwani ya kaskazini imerudi kwa mwenyewe. Ameigomboa kwa fedha zake kama mtu anavyokomboa mkufu uliowekwa rehani kwa sonara. Haikurudi. Tarehe 1 Julai 1895 utawala wake ulichukuliwa na serikali ya Uingereza, na ukanda ule ukawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki. Ndipo ukaja mkataba wa 14 Desemba. Sultani, wakati huo Hamad bin Thuwaini, alikubali kwamba ukanda utatawaliwa na maofisa wa Malkia, huku yeye akiendelea kuitwa mwenye nchi. Angepokea pauni 11,000 kila mwaka kwa ajili ya ardhi, na juu yake riba ya asilimia 3 kwa zile pauni 200,000, yaani pauni 6,000. Jumla 17,000.

Nani alizungumza na nani? Upande wa Uingereza alikuwako Hardinge, aliyekuwa balozi wa Malkia Zanzibar na papo hapo kamishna wa Himaya mpya, yaani mwakilishi wa mpangaji na mshauri wa mwenye nyumba. Upande wa Sultani waziri mkuu alikuwa Mathews, Mwingereza, aliyelipwa mshahara na hazina ya Zanzibar. Katika tamthilia tungeyaita haya kejeli ya kiutendi na kumpongeza mwandishi. Hapa mwandishi hakuwako, au walikuwa wengi mno, na kila mmoja alitimiza kazi yake kwa adabu. Sikuona katika matini neno moja la ukali. Mkataba wote umeandikwa kwa staha, na nimeshawishika kwamba staha ndiyo iliyofanya kazi ambayo mwaka 1873 ilifanywa na manowari.

Wapo ambao hawakungoja staha. Mwaka huo wa 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Mazrui wengine walikuwa vitani dhidi ya utawala mpya, na vita hivyo havikuisha hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Seyyid Hamad mwenyewe alifariki Agosti 1896, na siku mbili baadaye, tarehe 27, jumba la Sultani lilipigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila idhini ya balozi. Staha ilikuwa na akiba yake bandarini.

Turejee kwenye lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina neno "kodi", nalo hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya raia kwa serikali. Katika ukanda wa maili kumi maana hizo mbili zilikutana uso kwa uso. Serikali ya Himaya ilimlipa Sultani kodi kama mpangaji, kisha ikawatoza watu wa Sultani kodi kama mtawala. Mpangaji aliyewatoza jamaa za mwenye nyumba na kumlipa mwenye nyumba sehemu ya alichowatoza! Msemaji wa Kiswahili anaweza kuieleza hali hii kwa neno moja bila kutaka, na nadhani ni heri kwamba anaweza.

Kitenzi "kopa" nacho kinastahili kuangaliwa. Leo tunakifahamu kwa maana ya kuchukua kwa ahadi ya kurudisha. Kamusi za zamani za lugha yetu, zilizotungwa na Waingereza wa zama hizo hizo za mikataba, ziliweka kando ya maana hiyo maana ya kulaghai, kupata mali ya mtu kwa hila. Wenzangu wa isimu watasema kwamba maana hufinyika na kupanuka kwa sababu nyingi, nami sibishi. Ila inanipa taabu kusoma kwamba fedha za Zanzibar "zilikopwa" bila kuzisikia maana zote mbili zikigongana. Na "riba" je? Huyu alikuwa mtawala wa Kiislamu, katika pwani ambayo neno lenyewe halitamkwi bila kuambatana na onyo, na mkataba ukamfanya mla riba wa asilimia 3 dhidi ya Malkia. Lile la "kukopa harusi, kulipa matanga" halikumfaa: katika kisa hiki harusi ilikuwa ya mkopaji, matanga yakawa ya mkopeshaji.

Katika semina mmoja wetu aliuliza haya yote yanamhusu nani leo. Nilimjibu kwa habari za nyumbani. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama katika kijiji kimoja cha Kilifi, juu ya ardhi ambayo hatuna hati yake na ambayo ukoo umeilima tangu kabla yeye hajazaliwa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza shamba ni la nani. Alisema, "Mjukuu wangu, ardhi ni ya Serikali, zamani ilikuwa ya Seyyid. Yetu sisi ni mikorosho." Kwa mtu wa bara jibu hilo ni kitendawili. Kwa mtu wa pwani ni hali ya kila siku, maana huku mti una mwenyewe na mchanga una mwenyewe. Mwaka 1908 serikali ya Himaya ilipitisha sheria ya hati za ardhi za pwani, ikawataka wanaodai ardhi wajitokeze kuthibitisha madai yao. Waliokuwa na karatasi, au ukoo ulioijua mahakama, walijitokeza. Wengi wa Mijikenda, ambao ardhi kwao haikuwa ya mtu mmoja, hawakuweza au hawakuarifiwa. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Hivyo basi, ukanda aliokuwa "mwenyewe" ni Sultani kwa mujibu wa mkataba mmoja, ukagawanywa na mpangaji wake kwa mujibu wa sheria nyingine, na bibi yangu akabaki na mikorosho. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu hadi Desemba 1963, baada ya makubaliano ya Oktoba mwaka huo kuukabidhi ukanda kwa Kenya. Hati ya shamba letu haijafika hadi leo.

Sisemi kwamba kila mkopo ni Zanzibar ya 1895. Kenya ina bunge, mahakama na magazeti. Seyyid Hamad hakuwa na bunge. Lakini mkataba wa mkopo wa reli ya kisasa, uliotiwa saini mwaka 2014 baina ya Kenya na Benki ya Exim ya China, ulikaa gizani kwa miaka minane kabla ya sehemu zake kuwekwa hadharani Novemba 2022, na waliousoma wakakuta kwamba unaongozwa na sheria ya China na kwamba mizozo itaamuliwa Beijing. Mwishoni mwa 2018 uvumi ulienea kuwa bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa mkopo huo, serikali ikakanusha. Sina la kuongeza juu ya ukweli wa uvumi huo. Ninachokumbuka ni kwamba watu wazima wa mtaani kwetu hawakushangaa. Waliupokea kama habari ya zamani iliyochelewa kufika. Pengine bandari ile ile, iliyowahi kukombolewa kwa fedha za mwenyewe na isirudishwe, imewazoeza watu wake kusikiliza kwa namna fulani.

Kwa sasa mimi na mwenzangu mmoja wa tafsiri tumeanza kuutia mkataba wa 14 Desemba katika Kiswahili, ili tuufanye sehemu ya viambatisho vya tasnifu yangu. Utangulizi na majina ya watiaji saini yalitupa kazi ndogo. Tumekwama penye zile pauni 11,000. Yeye anataka tuandike "ijara", neno safi la kisheria linalotaja malipo ya kukodi na kuishia hapo. Mimi nataka "kodi", pamoja na mzigo wake wote. Anasema neno langu linaingiza katika mkataba jambo ambalo wenye kuuandika hawakulisema. Ninamwambia kwamba walilisema, ila walilisema kwa lugha yenye maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja. Rasimu zote mbili zimo daftarini, yake kwa wino wa bluu na yangu kwa wino mweusi, na msimamizi wetu amezirudisha bila kuchagua.